Mwaka Tuliokatazwa Kutaniana

Tulipokutana tena Manyoni mwezi wa saba, sisi tuliosoma pamoja kidato cha tatu, jambo la kwanza tulilofanya ni kudanganyana kwamba hatujazeeka. La pili lilikuwa chakula. Mkuu wa shule wa sasa, kijana mpole ambaye nadhani ni mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, alitupa darasa letu la zamani tukae, akatuletea soda, kisha akatuuliza kwa adabu ni kitu gani tunachokumbuka katika masomo ya Kiswahili ya wakati wetu, ili akawaambie wanafunzi wake. Tukatazamana. Tulikuwa wanawake watu wazima, mmoja nesi mstaafu, mmoja mwenye duka la pembejeo, mmoja mchungaji, na mimi niliyefundisha shule ya msingi mpaka sauti ikakauka, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutaja ngeli zote bila kuirudia ya kwanza. Ila Kalunde, aliyekuwa amekaa dirishani akimenya chungwa, akasema yeye anakumbuka vizuri sana: tulifundishwa kwamba Mgogo akikaribishwa chakula haulizi ni cha nani. Darasa zima likacheka, na mkuu wa shule naye akacheka kwa kuchelewa, baada ya kuhakikisha kwamba inaruhusiwa. Mgogo aliyesemwa ni mimi. Nilimjibu kwamba ni kweli, na Mnyamwezi akikaribishwa anauliza mzigo uko wapi. Nimerudi nyumbani na tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka ule, kwa sababu kulikuwa na miezi katika mwaka ule ambapo maneno hayo mawili yangetupeleka wote kuchimba shimo la taka.

Shule ilikuwa ya wasichana, ya bweni, upande wa juu wa reli, na kila treni ilipopita mwalimu alinyamaza na chaki mkononi mpaka behewa la mwisho liishe. Bweni letu lilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vya ghorofa, masanduku ya bati yakiwa chini yake, na ndani kulikuwa na harufu ya sabuni ya kipande, mafuta ya mgando, na samaki wakavu wa mtu ambaye hakupatikana hadi tunamaliza shule. Mimi nililala chini na Kalunde juu yangu. Siku ya kwanza aliinamisha kichwa kutoka huko juu akaniuliza mimi ni kabila gani. Nikamwambia Mgogo, natoka vijiji vya upande wa Kintinku. Alishuka, akafungua sanduku langu bila kuomba, akachota karanga zangu mikono miwili, akapanda nazo kitandani. Nilipofungua mdomo kulalamika akaniambia, huku anatafuna, "Nyamaza wewe, mtumwa wangu." Ndipo nikajua kwamba nimepata mtani, na kwamba miaka yangu ya shule haitakuwa ya upweke. Kesho yake nilimwamkia kwa "mbukwenyi" ya kwetu, yeye akanijibu "mwangaluka" ya kwao, nikavaa sweta lake siku nzima.

Kwa asiyejua, Wagogo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani, na sisi tukikaa kwenye maji yetu tukiwasubiri. Mtani anaweza kukusema vyovyote, anaweza kukuchukulia kitu chako mbele ya macho yako, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unachekwa zaidi. Lakini ukifiwa, mtani huyohuyo ndiye anayekuja na kusimama mbele ya wafiwa na kumsema marehemu, uchoyo wake na vituko vyake vyote, mpaka watu wacheke katikati ya kilio. Hilo ni deni lake na ni haki yake. Sisi wawili hatukuwaza misiba. Tulikuwa na njaa muda wote, ugali wa dona na maharage mchana, ugali wa dona na maharage jioni, na utani wetu mwingi ulihusu chakula. Baba yake, Mzee Mihambo, alikuwa mnyapara wa genge la reli huko Itigi, na alimletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, magumu kama kokoto mpaka uyaloweke. Mimi mama alinipa mlenda mkavu uliosagwa. Kalunde alisema mlenda ni chakula cha watu wasio na meno, mimi nikasema matobolwa ni chakula cha watu wasio na moto, na kisha tukala vyote viwili kutoka kwenye bakuli moja.

Mwalimu Koku alikuja mwanzoni mwa mwaka ule wa kidato cha tatu kufundisha Kiswahili na kuwa mwalimu wetu wa darasa. Kwao ni Bukoba, mwanamke kijana, mrefu, mwenye viatu vyeusi vilivyong'aa hivi kwamba vumbi la Manyoni liliviogopa kwa wiki nzima kabla ya kuvizoea. Sijawahi kuona mtu aliyeipenda sarufi kwa kiasi kile. Aliichambua sentensi kama mama anayechambua mchele, kiima huku, kiarifu kule, kisha akaichora ubaoni kwa matawi mpaka ikawa mti uliopinduliwa, mizizi juu. Wenzangu wengi walisinzia. Mimi nilifurahi, na nasema hivyo bila aibu. Nyumbani tuliongea Kigogo, na Kiswahili nilikuwa nakijua kwa namna mtu anavyojua njia ya kisimani, kwa miguu tu. Sasa mtu alikuwa ananionyesha kwa nini njia inapinda pale inapopinda. Nilipoingia ualimu mwenyewe nilijaribu kufundisha kwa namna yake, na sikuwahi kuwa na subira aliyokuwa nayo yeye siku za kwanza.

Subira hiyo iliisha siku ya sentensi changamano. Alitutaka tutoe mifano yenye kishazi tegemezi, na Kalunde, ambaye kwa kawaida alikuwa nyuma ya kila mtu akila kitu kwa siri, akanyoosha mkono wa kwanza. "Mgogo aliyekuja kuomba chumvi amesahau kuondoka," akasema. Darasa likaangua kicheko. Mimi sikungoja kuitwa. Nikasimama nikatoa wa kwangu, kwamba Mnyamwezi ambaye hajabeba mzigo huangushwa na upepo. Sentensi zote mbili zilikuwa sahihi, na hata leo ningezipa alama zote. Lakini Mwalimu Koku aliweka chaki chini. Alisubiri mpaka vicheko viishe, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba katika darasa lake na katika bweni, hakuna mtu atakayemsema mwenzake kwa kabila lake tena, awe anatania au hatanii. Tutaitana majina yetu ya ubatizo au ya nyumbani. Tutaongea kwa adabu. Atakayesikika anafanya vingine atachimba shimo la taka, na akirudia ataitwa mzazi wake.

Tulimwona mtu mgumu asiyejua dunia. Baadaye kidogo, nikiwa zamu ya kupeleka maji nyumba za walimu, nilisikia anaongea na matroni wetu, mama wa Kinyaturu kutoka Ihanja, jikoni kwake. Matroni alikuwa anamweleza kwamba hawa watoto ni watani, hawatukanani, wakiacha ndipo aogope. Mwalimu Koku akamwambia kwamba kwao utani ni wa babu na mjukuu, na unaishia kibarazani. Akasema shule aliyotoka, wavulana wa makabila mawili walianza hivyohivyo, kwa vicheko darasani, na ulipokwisha mwaka mmoja wao alikuwa na jicho moja. Yeye ndiye aliyemshika yule mtoto kichwa njiani kwenda hospitali. Nilisikia tu matroni anakoroga kitu kwenye sufuria. Niliweka ndoo chini taratibu nikaondoka. Sikumwambia mtu, hata Kalunde, kwa sababu baada ya kusikia hayo sikuweza tena kumchukia mwalimu na nilikuwa na hamu ya kumchukia.

Basi tukaanza adabu. Asubuhi Kalunde alisema, "Samahani Yunisi, naomba unipishe nishuke," na mimi nikamjibu, "Bila shaka, Kalunde, karibu." Akitaka karanga aliniomba karanga. Nikimpa alishukuru. Sweta lake lilibaki kwenye sanduku lake. Bweni zima likaamini kwamba tumegombana vibaya sana, na kwamba kuna jambo zito tunalificha, pengine la uchawi au la mvulana. Habari zikamfikia matroni. Jumapili moja alituita chumbani kwake, akatukalisha kwenye mkeka na sahani moja ya makande katikati, na akatusihi tuseme kilichotufarakanisha. Tukamwambia hakuna kitu. Kadiri tulivyokana kwa upole ndivyo alivyozidi kuogopa. Mwishowe alituombea sala ndefu ya upatanisho, akataja shetani mara nyingi, na sisi tukasema amina tukiwa tumeinamisha vichwa tusitazamane, maana tungetazamana tungepasuka. Tulikula makande yale yote. Ilikuwa siku nzuri, na nilidhani kwamba tukitoka nje tutacheka pamoja mpaka tuanguke. Tulipotoka nje Kalunde akasema asante kwa kunisindikiza, akaenda zake.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nilikuwa nimedhani tunaigiza adabu, kumbe adabu ilikuwa imeshaingia ndani. Urafiki wetu ulijengwa wote kwa maneno yale ya ovyo, na yalipoondolewa hatukuwa na mengine ya kuongea. Sikujua namna ya kumuuliza mtu niliyezoea kumwita mpagazi kama amelala vizuri. Kabla muhula haujafika katikati alikuwa amehamia kitanda cha upande wa pili, karibu na mlango, akisema huko kuna hewa.

Muhula huo ndipo tuliposoma tamthilia. Nakala zilikuwa chache, kila benchi kitabu kimoja, hivyo tuliisoma kwa sauti, kila mtu na mhusika wake. Ilikuwa hadithi ya tajiri mmoja, Mzee Sururu, aliyeficha nafaka wakati wa njaa. Katika onyesho la tatu anakufa, kijiji kizima kinajaa uani kwake kulia, na kila anayeingia anamsifu: alikuwa mtu wa watu, alikuwa nguzo, pengo lake halitazibika. Mimi nilipewa sehemu ya Mwombolezaji wa Pili, mstari mmoja tu wa kulia. Mwalimu Koku alituuliza kama Mzee Sururu ni mhusika bapa, yaani asiyebadilika, mwenye upande mmoja tu, au mhusika duara, mwenye pande nyingi kama binadamu halisi. Wote tukasema bapa. Lakini onyesho lile la msiba lilinikera, na nilikaa nalo siku nyingi, nikiwa jikoni zamu, nikiwa nafua. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyemsema. Yule mzee alizikwa akiwa na uongo mtupu juu yake. Tulipopewa insha ya kueleza udhaifu wa tamthilia hiyo, wenzangu waliandika kuhusu lugha ngumu na maonyesho mafupi. Mimi niliandika kurasa mbili kwamba udhaifu mkubwa ni kuwa marehemu hana watani. Mwandishi amesahau kuwaalika, nikaandika, na kwa hiyo msiba huu haujaisha, na ndiyo sababu watoto wake wanagombana katika onyesho la nne. Insha ilirudi na maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Nje ya swali." Nilikasirika sana. Leo, kwa haki, nadhani nje ya swali nilikuwa.

Halafu ukaja msiba wenyewe. Ujumbe ulipigwa kwa simu ya reli kutoka stesheni ya Itigi, na karani wa stesheni akapanda mwenyewe mpaka ofisi ya mkuu wa shule. Mzee Mihambo alikuwa ameugua kifua siku chache tu, akafa. Kalunde aliitwa katikati ya kipindi cha hesabu. Nilimwona tena pale bwenini akipanga nguo, macho makavu, akikunja kila kitu kwa uangalifu. Nilisimama mlangoni na maneno yote ya Kiswahili niliyofundishwa, na niliyopata ni "pole sana, Kalunde." Akasema, "Asante, Yunisi. Asante kwa yote." Kisha akatoka na baba yake mdogo aliyekuja kumchukua. Nililia mimi, pale kitandani, na nilijua kabisa kwamba sikuwa namlilia mzee.

Mazishi yalifanyika kabla hatujapata ruhusa. Mwalimu Koku, kama mwalimu wa darasa, akaomba awapeleke wasichana wachache kwenye kuanua matanga mwisho wa wiki, na akanitaja mimi wa kwanza. Nadhani matroni alikuwa amemwambia kitu. Tulipanda treni ya asubuhi. Kutoka Manyoni unaingia kwenye vile vichaka vya Itigi, vimesongamana kiasi kwamba hata mbuzi anaingia kwa ubavu. Kota za reli zilikuwa nyumba za mstari mmoja, za matofali, zenye masizi ukutani. Tulivua viatu, tukawaamkia wazee wote mkeka kwa mkeka, shikamoo baada ya shikamoo, tukapewa chai ya asali. Shangazi yake Kalunde, dada wa marehemu, mama mnene mwenye sauti nzito, akakaa na mwalimu wetu na kumweleza hali. Mtoto hajalia, akasema. Tangu afike hajalia, hasemi isipokuwa akiulizwa, na anachokula ni cha kuwaridhisha watu. Anasema "asante" na "samahani" kama mgeni katika nyumba ya baba yake. Baba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamalizia kwamba wameamua abaki nyumbani, na shule basi. "Hatuwezi kumpeleka shule mtoto ambaye bado hajarudi, mwalimu," akasema. "Akienda hivi tutakuwa tumempoteza." Mwalimu Koku alijaribu kusema juu ya mtihani wa mwaka ujao, kisha akaona nyuso zao akaacha.

Kalunde alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba, amejifunika khanga mpaka mabegani, akitazama sakafu. Wagogo wa Itigi walikuwa wameshafika kufanya kazi yao. Bibi mmoja aliyekauka, mwepesi kama kuku wa kienyeji, alivaa koti la marehemu la reli na kofia yake, akashika bendera nyekundu, akawa anasimamisha kila anayetaka kupita uani na kumtaka aeleze anakwenda wapi na kwa ruhusa ya nani. Alimwiga mzee alivyotembea, alivyojikuna, alivyokagua ugali kabla ya kula kana kwamba ni taruma la reli. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mjane alicheka. Hata baba mdogo alilazimika kugeukia ukutani. Kalunde alimtazama bibi yule, akasema, "Asante, bibi." Kicheko kikafa chumba kizima. Yule bibi akavua kofia. Ndipo shangazi akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa nyuma ya mwalimu nikijaribu kuwa mdogo, akasema kwa watu wote, "Si mtani wake wa shuleni ndiye huyu? Sasa amekuja kunywa chai?"

Chumba chote kilinitazama. Nilimtazama Mwalimu Koku, na yeye alitazama mkeka. Hakukataza wala hakuruhusu. Niliogopa, na sikuogopa shimo la taka. Niliogopa kwamba sina kitu. Miezi yote ile nilikuwa nimezoea adabu, ulimi umekuwa mzito, na utani haukuja. Nilisimama. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ndicho pekee kilichokuwa kimejaa humo ndani mwaka mzima.

"Swali la kwanza," nikasema. "Jadili mhusika mkuu, Mzee Mihambo."

Watu wakatazamana. Nilimsikia mwalimu wangu akivuta pumzi.

"Mhusika huyu ni mchoyo," nikaendelea. "Alileta matobolwa shuleni, akasimama pale getini mpaka akaona tumeyala na mfuko akaudai. Pia ni mwoga. Alikuwa anasimamisha treni kwa kitambaa tu, lakini mke wake akiita anajificha nyuma ya choo. Tena ni mwongo. Alituambia sisi wanafunzi kwamba bila yeye kupunga bendera, treni haiwezi kupita Itigi. Leo asubuhi imepita. Nimekuja nayo."

Mtu mmoja uani akacheka, kisha akajizuia. Kalunde alikuwa ameinua kichwa. Sasa nilikuwa naijua njia.

"Wengine wanasema ni mhusika bapa, wa kelele tu. Mimi nakataa. Siku ile ya mvua, wakati wa kutembelea umepita, matroni alipomkatalia kumwona binti yake, alikaa chini nje ya geti, mwanaume mzima na kofia ya serikali, akasema anapumzika. Nilimpelekea maji. Alikuwa analia. Akaniambia, wewe Mgogo, ukimwambia Kalunde nitakulaza relini. Nimenyamaza mpaka leo, sasa njoo unilaze. Mhusika bapa halii getini. Kwa hiyo ujumbe tunaoupata…"

Nikakwama. Ujumbe sikuwa nao. Nilisimama pale mbele ya wafiwa na insha isiyo na mwisho, na hakuna aliyenisaidia. Kisha kutoka kwenye kona, kwa sauti iliyopauka ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi, Kalunde akasema, "Jibu lako halijakamilika, mtumwa wangu. Hujasema alivyokuwa anakoroma."

Akaanza kusema mwenyewe. Alisema jinsi baba yake alivyokoroma mpaka majirani wakadhani treni ya mizigo imewahi. Alisema alivyoficha asali chini ya kitanda kisha akasingizia panya. Kila alilosema liliongezewa na mama yake, na shangazi, na wanaume wa genge waliokuwa nje dirishani, wote wakicheka. Na katikati ya habari ya asali sauti yake ikavunjika, akamwita baba yake kwa Kinyamwezi, na kilio kikatoka, kile ambacho wanawake wale walikuwa wamekisubiri tangu mazishi. Shangazi akamkumbatia. Mimi nikapiga magoti nikamshika miguu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Alilia sana, na alipotulia aliomba ugali. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kufurahi kwa kuona mwenzake anakula kama nilivyofurahi mimi, na nilimwambia ale polepole, aache na cha wenye msiba.

Kesho yake baba mdogo alibeba sanduku la Kalunde mwenyewe mpaka stesheni na kulipandisha kwenye behewa. Hakutoa maelezo wala hatukuuliza. Tulikaa benchi mbili zinazotazamana, mimi na Kalunde upande mmoja, Mwalimu Koku upande mwingine na mkoba wake mapajani, wenzetu wakiwa wamelala nyuma yetu. Nilijua adhabu inakuja. Nilikuwa nimevunja katazo lake mbele ya kijiji kizima, na mbele yake yeye. Treni ikaingia vichakani. Mwalimu alikuwa akitazama nje, kisha akatugeukia. Hakuwa na uso wa mwalimu. Alionekana msichana mkubwa tu aliye mbali na kwao.

"Mimi sina mtu wa hivyo huku," akasema. "Nikifia hapa kwenu, nani atanisema?"

Nikamwambia haraka asiwe na wasiwasi, sisi wanafunzi wake tutamsifu sana. Akatikisa kichwa.

"Sifa nimeshazisikia," akasema. "Nauliza nani atanisema."

Kalunde akanitazama. Macho yake yalikuwa bado yamevimba, lakini lilikuwa jicho lile lililofungua sanduku langu siku ya kwanza. "Basi tunakuchukua sisi, mwalimu," akamwambia. "Tutakugawana, mimi na huyu. Ila mimi naona tusisubiri ufe."

Mwalimu Koku akatutazama mmoja baada ya mwingine. Akaweka mkoba wake chini, akakunja mikono yake mapajani, akanyoosha mgongo kama mtahiniwa.

"Haya," akasema. "Anzeni."

Tulimsema mpaka Manyoni.